Nafasi Uliyoiacha kwenye Rafu

Shikamoo, Baba.

Najua huwezi kuitikia, lakini ulinilea nikijua kwamba mtoto hafungui mdomo mbele ya mzazi kabla ya kumsalimia, na mpaka leo, na mvi zangu hizi, bado naogopa kuanza bila shikamoo. Nakuandikia nikiwa hapa hapa nyumbani kwako Masieda. Nimekaa kwenye kigoda chako, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka kama walivyozoea ulipokuwepo. Nimechoka, Baba. Naanza na hilo kwa sababu wewe ulikuwa ukimwangalia mtu anapoingia mlangoni na kujua kama amechoka kweli au anakwepa kazi. Mimi nimechoka kweli, na kilichonichosha ni kitabu. Kile kitabu chako cha Bwana Utafiti.

Unakumbuka alivyofika? Ilikuwa enzi zile za ruksa, maduka ya Mbulu mjini yalipoanza kujaa sabuni na sukari, na mitumba ikaanza kushushwa sokoni kwa marobota. Mama alikuwa amenunua redio yake ya kwanza. Yule Mzungu akaja kwa miguu kutoka barabarani, mrefu, begi mgongoni, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu nami nilikuwa kidato cha tatu. Alisema anataka kuandika juu ya ardhi na maji, namna watu wa milima hii wanavyozuia udongo usiondoke na mvua. Ofisini walimtuma kwako kwa sababu matuta yako yalikuwa hayajawahi kubomoka. Kijiji kizima kikamwita Bwana Utafiti, na ukiniondoa mimi, sidhani kama kuna aliyejua jina lake la kanisani.

Kiswahili ulikijua, tena vizuri tu. Lakini ulimwambia, "Mambo ya shamba nikiyasema kwa Kiswahili yanakuwa kama chai ya jana. Nitayasema kwa Kiiraqw, binti yangu atatafsiri." Basi likizo yangu yote ikaisha hivyo. Chombo chake cha kurekodi kiliwekwa juu ya kigoda kidogo katikati yenu. Siku ya kwanza ulikisalimia. Ulikiinamia kidogo, ukakisabahi kwa adabu, kisha ukanigeukia ukaniuliza kama kimeitikia. Mama alicheka mpaka akaacha kupepeta mahindi.

Ulimfundisha mambo mengi yule mtu. Ulimpa udongo kiganjani ukamwambia auonje, naye akauonja. Ulimweleza samadi inavyochanganywa na majani ya maharage, ukamwonyesha tuta la chini ambalo babu alilianza na wewe ukalimalizia. Mimi nilikuwa natafsiri mpaka taya zinauma. Nilijiona mtu mkubwa sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu mzima anaandika kila neno linalotoka mdomoni mwangu.

Halafu akaanza kuulizia chemchemi.

Alikuwa amesikia kwa watu kwamba kuna mahali ambapo wazee huenda kuombea mvua. Aliuliza Jumatatu, akauliza Jumanne, kila siku akilizungusha swali kwa njia nyingine. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa wakati huo, ulikaa benchi la mbele. Lakini nilijua, na wote nyumbani tulijua, kwamba kule korongoni kwenye ule mkuyu mkubwa hukuwahi kukata hata kijiti cha kuswakia. Hatukufua kule. Hatukupeleka ng'ombe. Ukipita unapunguza sauti, basi, na hakuna aliyetueleza kwa nini.

Asubuhi ile mguu wako ulikuwa umevimba kwa sababu ya lile jeraha la jembe, hukuweza kutembea. Akauliza tena. Ukamjibu kwa Kiswahili, taratibu, "Sawa. Binti atakupeleka." Kisha ukanigeukia mimi, ukasema kwa lugha yetu maneno matatu tu, usoni hujabadilika hata kidogo. Mpeleke kwa ng'ombe.

Nikampeleka kwa ng'ombe, Baba. Nikamshusha bondeni mpaka kwenye lile dimbwi tunaponyweshea mifugo, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, mavi ya ng'ombe kila mahali. Akaangalia, akaniangalia. "Ndiyo hapa?" akauliza. Nikasema, "Ndiyo hapa." Akavua kofia. Alisimama pale kwenye yale matope kama yuko kanisani, Mzungu wa watu, kofia kifuani. Ndama wa jirani akaja akakojoa mbele yake, naye akatoa daftari akaandika. Alipiga picha tatu. Akanishukuru kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nataka ardhi inimeze.

Sikukuuliza kwa nini. Mtoto wa wakati ule angemuulizaje baba yake kwa nini amemdanganya mgeni? Nilikasirika kimya kimya. Wewe ndiye uliyetembea mpaka Mbulu mjini kurudisha kanga dukani ulipogundua muuzaji alikufungia mbili badala ya moja. Wewe ndiye uliyenichapa kwa sababu nilisema nimefagia nyuma ya nyumba kumbe sijafagia. Halafu mtu huyo huyo akautumia mdomo wangu kusema uongo, tena mbele ya mgeni aliyekula chakula chetu. Nilibeba jambo hilo miaka mingi kuliko unavyoweza kufikiria.

Siku ya kuondoka alikushika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alirudia ahadi yake kwamba kitabu kikitoka atakuletea mwenyewe nakala yako, mkononi, atakuja nacho mpaka hapa mlangoni. Ukamwambia, "Nitakusubiri." Na kweli ulisubiri. Wiki ile ile ulimwita fundi akatengeneza rafu, hii ninayoiangalia sasa, ubao mmoja na vigingi viwili. Ukaweka Biblia upande wa kulia, kadi zetu za kliniki ndani ya bahasha upande wa kushoto, katikati ukaacha nafasi. Mama alitaka kuweka redio yake pale. Ukakataa. "Hapo ni pa kitabu." Redio ikakaa juu ya debe la unga miaka yake yote. Mama hakukusamehe lile debe.

Miaka ikaenda. Nikamaliza shule, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa Mbulu mjini, nikaolewa, nikazaa. Kila nikija nyumbani naikuta nafasi iko vile vile, imefutwa vumbi. Nilipokuja mwaka ule walipotukata kutoka Arusha wakatangaza Mkoa wa Manyara, ulikuwa unakunywa uji hapa mlangoni. Ukasema, "Hata mkoa umezaliwa, kitabu bado." Nilicheka. Leo silioni kama jambo la kuchekesha. Mwaka ule ndipo uliponidokezea machache juu ya mkuyu. Masika iliyofuata ulikufa, na Mama akakufuata baada ya miaka mitatu.

Nilikitafuta, Baba. Nataka ujue hilo. Mtandao ulipofika Mbulu, kile chumba kimoja chenye kompyuta nne karibu na soko, nilikwenda baada ya vipindi nikaandika jina lake na maneno yote niliyoyakumbuka. Siku ya tatu nikakiona. Jina la wilaya yetu lilikuwa kwenye jalada. Nilibonyeza, ukurasa wa kwanza ukafunguka, wa pili ukakataa. Walitaka dola, na dola zenyewe zilipwe kwa kadi ambayo hata meneja wa benki yetu sidhani kama alikuwa nayo. Maneno yaliyotoka kinywani mwako yakapita kinywani mwangu yalikuwa yamefungiwa nyuma ya geti, na mlinzi wa geti hanijui.

Niliandika barua pepe. Nilieleza kwamba mimi ni binti wa mzee aliyehojiwa, kwamba mzee ameshafariki, kwamba tunaomba nakala moja tu. Wakajibu kwa fomu. Fomu ikaniuliza niko chuo kikuu gani. Pale hapakuwa na nafasi ya kueleza, ni kuchagua au kujaza, basi nikajaza: Masieda. Hawakujibu tena. Nilijaribu mwaka mwingine, na mwingine, kila ninapopata kompyuta mpya ya shule au simu mpya, kama mtu anayejaribu mlango anaojua umefungwa. Kisha nikaacha. Nilijiambia kwamba hata kikija, aliyekisubiri hayupo.

Mwaka huu nimekuja likizo, nikakuta mkutano wa kijiji. Mradi wa maji umefika, Baba, ule mliouomba tangu nikiwa msichana. Mhandisi ni kijana wa heshima, ametoka mbali, aliniamkia vizuri kabla hajajua mimi ni nani. Akasimama mbele ya watu na kishikwambi chake mkononi. Akasema mradi unaheshimu mila za wenyeji. Akasema wamefanya utafiti, kuna kitabu cha mtaalamu kuhusu kijiji hiki hiki, na siku hizi kiko mtandaoni, bure, kila mtu anaweza kukisoma. Akakizungusha kile kishikwambi watu waone picha.

Ilikuwa picha ya dimbwi la ng'ombe. Pembeni kuna kiwiko cha mtu aliyevaa sweta la shule. Ni kiwiko changu.

Chini ya picha wameandika kwa Kiingereza kwamba hii ndiyo chemchemi takatifu. Kwa hiyo mradi umeizungushia seng'enge. Wameweka na kibao. Ng'ombe wa bonde zima sasa wanakwenda kunywa mbali, jioni wanarudi wamekonda, na kila wakipita kwenye ile seng'enge wanasimama wanaangalia maji yao. Na kwa kuwa kitabu hakisemi lolote juu ya korongo lenye mkuyu, mhandisi amelichagua korongo hilo kuwa chanzo. Katapila litaingia, mkuyu utang'olewa kupisha njia, patachimbwa na kujengwa. Alilieleza vizuri sana, kwa michoro.

Niliwaangalia wazee. Wamebaki wachache wanaojua. Bibi Marsela, jirani yetu wa juu, ambaye sasa anatembea kwa fimbo mbili, alikuwa ameinamisha kichwa. Mkutano ulipovunjika nikamfuata. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Mbona hamkusema?"

"Marahaba. Tuseme nini, mwalimu?"

"Kwamba siyo pale."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyechelewa kutembea. "Maneno yale ni ya baba yako. Marehemu ameshasema, yameandikwa. Sisi majirani tukisimama tukasema marehemu alidanganya, tutakuwa watu wa namna gani? Neno la mtu linarekebishwa na mtoto wake."

Ndivyo tulivyo, na nilipaswa kujua bila kuambiwa. Wako tayari kupoteza mkuyu na maji na kila kitu kuliko kukuvunjia heshima wewe uliyelala. Nikabaki nimesimama njiani. Nikinyamaza, katapila linaingia. Nikisema, nasema mbele ya kijiji kizima kwamba mzee wa kanisa aliyerudisha kanga dukani alimdanganya mgeni wake, na mimi nilikuwa mdomo wake. Nilimwomba mhandisi wiki moja. Akanipa, kwa sababu katapila lenyewe lilikuwa bado limeharibika huko Hanang.

Nikarudi Mbulu mjini kwa pikipiki, nikanunua bando, nikakipakua. Kilishuka chote, kurasa zote, bila fomu, bila kuniuliza chuo. Bwana Utafiti naye alishafariki, wameandika hapo. Watoto wake walikabidhi makaratasi yake yote kwenye maktaba ya chuo alichofundisha, na chuo kikayafungulia watu wote. Nikadhani nitafurahi. Nilichosikia ni uchovu tu, ule wa mtu aliyesukuma mlango kwa bega miaka mingi, halafu unafunguliwa kwa ndani na yeye anaanguka kifudifudi.

Nilikisoma siku tatu. Umo ndani, Baba. Umo karibu kila ukurasa. Unaitwa Mtoa Habari Namba Tisa. Namba Tisa anaeleza samadi, Namba Tisa anaeleza matuta, ni maneno yako kabisa, nilikuwa nasikia na kikohozi chako. Kuhusu dimbwi la ng'ombe ameandika kurasa sita. Anasema mifugo huruhusiwa kuikaribia chemchemi, hata kukojoa, jambo linaloonyesha ukaribu wa pekee kati ya watu, wanyama na nguvu za maji. Nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuangalia kuna nini. Kisha nikafika mwanzoni, kwenye shukrani, ambako nilikuwa nimeruka. Ameandika kwamba anamshukuru zaidi ya wote binti wa Namba Tisa, aliyemtafsiria kila kitu kwa uaminifu.

Hapo nikakifunga. Nililia, sikufichi.

Chini kabisa ya ukurasa ule wa mtandao kulikuwa na orodha ya kanda. Wamezibadilisha zote ziwe za kusikiliza kwenye simu. Kila kanda ina maelezo mafupi: udongo, mbegu, matuta. Kanda ya siku ile imeandikwa, chemchemi, na mbele yake, dakika za mwisho ni mazungumzo ya nyumbani, hayahusiki, hayakutafsiriwa. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile yeye alichukua kamera na daftari tu, kile chombo akakiacha juu ya kigoda. Alisahau kukizima.

Nikabonyeza. Nikasikia akiuliza, nikasikia wewe ukimjibu, nikasikia yale maneno matatu. Nikasikia na viatu vyangu vikitoka. Kisha kimya, kuku, na ungo wa Mama ukipepeta. Sauti ya ungo ule nilikuwa nimeisahau kabisa. Halafu Mama akasema, kwa ukali wake ule wa chini chini, "Umempeleka mgeni kwenye mavi ya ng'ombe."

Ukacheka kidogo. "Ndiyo."

"Mtu amekula kwako wiki tatu."

"Amekula. Sasa anaondoka na maneno yetu yote. Hilo moja nimelibakiza. Akirudi na kitabu kama alivyosema, nitampeleka mwenyewe kwenye mkuyu, kwa mguu wangu, nimweleze vizuri alirekebishe."

"Na asiporudi?"

Hapo ungo ukasimama.

"Atarudi," ulisema. "Binti nimemtuma uongo leo. Asiporudi, uongo ule utamkalia mwanangu. Atarudi."

Kisha kanda ikafika mwisho.

Nimeisikiliza mara nyingi, sitakwambia ngapi. Miaka yote niliitazama nafasi hii kwenye rafu nikaona majivuno ya mzee anayetaka jina lake lionekane. Kumbe ulikuwa unasubiri kunifutia mimi uongo. Ndiyo maana Mama alikubali redio ikae juu ya debe. Alijua, na hakuniambia, kwa sababu neno lilikuwa lako na wewe hukulisema. Kwa nini hukuniambia, Baba? Miaka hii thelathini na zaidi ingekuwa myepesi. Nakuuliza kwa hasira kidogo, nisamehe, lakini nakuuliza.

Niliwaandikia wale wa maktaba. Safari hii walijibu, binti mmoja, kwa upole sana. Nikamweleza kwamba picha ile ni ya maji ya ng'ombe. Akasema kitabu chenyewe hakibadilishwi, ila wanaweza kuweka maelezo yangu pembeni, niandike kwa lugha ninayotaka. Akauliza kama tungependa zile dakika za mwisho zikatwe kwa kuwa ni mambo ya familia. Nilifikiri. Ziko wazi kwa dunia nzima, lakini wanaozielewa ni sisi tu wa milima hii. Nikamwambia aziache. Nikamwomba pia jambo moja, kwamba pale penye Namba Tisa waandike Mzee Gwandu wa Masieda. Amekubali.

Kisha nikaenda steshenari nikakichapisha chote. Kijana wa pale alilalamika wino. Kimefungwa kwa waya wa plastiki, jalada la kijani, si kizuri. Jana asubuhi nilikiweka kwenye rafu, katikati ya Biblia na kadi za kliniki. Kinatosha kabisa, na nafasi kidogo inabaki upande wa kulia. Nikasimama pale. Wiki niliyoiomba ilikuwa imeisha, nikavaa kanga nikaenda kwenye mkutano wa pili.

Nilisimama mbele yao nikasema, "Picha ile ni ya dimbwi la ng'ombe. Aliyempeleka mgeni pale ni mimi. Baba alipanga kulirekebisha mgeni akirudi, na mgeni hakurudi. Kwa hiyo nalirekebisha mimi, mtoto wake." Bibi Marsela akagonga fimbo yake chini akasema, "Tulikuwa tunakusubiri." Basi. Hakuna aliyekusema vibaya, Baba, hakuna hata mmoja. Mtendaji wa kijiji akatuma vijana wakafungue seng'enge, na ng'ombe walikuwa wameshafika getini kabla yao.

Mhandisi alikuwa amekaa, kidole kwenye paji la uso. Naye alikuwa amechoka, nilimwonea huruma. "Mwalimu," akasema, "mimi nimefuata kilichoandikwa. Ripoti imeshapita. Sasa ni wapi?"

Nikampeleka mwenyewe, kwa mguu wangu. Nilimwomba asipige picha, akaweka simu mfukoni. Tulipokaribia korongo nikapunguza sauti, naye akapunguza bila kuambiwa. Mkuyu upo. Umezeeka, tawi moja limekauka, maji yanatoka pale pale chini ya mizizi, baridi kama zamani. Akachuchumaa, akaangalia mizizi inavyoshika kingo. Akasema, zaidi kwa nafsi yake, kwamba mti huu ukiondolewa hata yeye haoni maji yatakavyobaki, na kwamba bomba linaweza kuanzia kule chini maji yanapoibukia tena. Ataomba mchoro ubadilishwe. Hakuahidi kwamba watakubali.

"Lakini wataniuliza kwa nini," akasema. "Nieleze, mwalimu. Hapa pana nini? Niandike nini?"

Mdomo ulishafunguka, Baba. Machache ninayoyajua yalikuwa kwenye ulimi, mvua, wazee, yale uliyoniambia mwaka wako wa mwisho. Nikamtazama. Ni kijana mwema. Yule mwingine naye alikuwa mwema.

"Andika hapa pasichimbwe," nikamwambia. "Yaliyobaki nitakueleza ukirudi na ripoti mpya."

Akatabasamu. "Siku hizi ripoti zinatumwa kwenye simu."

"Wewe ilete kwa mkono, mpaka mlangoni."

Akasema atarudi. Tulishikana mikono. Nikarudi nyumbani nikakaa hapa kwenye kigoda chako, na leo asubuhi, kabla ya kuanza kukuandikia, nilisimama nikakisogeza kitabu chako kuelekea kwenye kadi za kliniki. Nafasi iliyobaki pembeni ya Biblia inatosha ripoti. Nimeifuta vumbi.

Msalimie Mama. Mwambie redio yake nitaitafutia rafu nyingine.

Ni mimi binti yako,
mkalimani wako.